Kufuatilia Ujenzi wa Nyumba Yako Tanzania Ukiwa Ughaibuni

Anayejenga Kibaha au Kigamboni huku akiishi Muscat, London au Houston hutumiwa picha nyingi: ukuta umepanda, bati linang'aa, fundi yuko juu ya ngazi. Picha hizo zinaonyesha kile ambacho hata mpita njia anakiona. Uimara wa nyumba uko kwenye vilivyofukiwa: kina cha msingi, nondo ndani ya zege, nailoni chini ya jamvi (sakafu ya zege), mabomba ndani ya plasta. Kwa hiyo fuata kanuni moja kuanzia siku ya kwanza. Kitu chochote kisifunikwe kabla hujakiona kikipimwa, na hela ya hatua inayofuata isitoke kabla ya hapo.

Kabla ya kuchimba

Fanya upekuzi rasmi wa kiwanja (kuthibitisha mmiliki kwenye ofisi ya ardhi), chukua kibali cha ujenzi halmashauri, na uwe na michoro ya aina mbili: ya mpangilio wa vyumba na ya nondo. Wengi wana ule wa kwanza tu, halafu nondo zinapangwa kwa mazoea ya fundi. Kama umeshachukua uraia wa nchi nyingine, zungumza na wakili kwanza, kwa sababu Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 ilipotungwa haikumruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na masharti kwa wenye asili ya Tanzania yamebadilika tangu hapo. Mkandarasi athibitishwe CRB (bodi ya makandarasi), mhandisi ERB (bodi ya wahandisi), msanifu na mkadiriaji majenzi AQRB (bodi ya wasanifu na wakadiriaji majenzi). Mkadiriaji akutolee orodha ya vifaa kwa kila hatua, maana bila orodha hiyo huna cha kulinganisha na kinachoombwa.

Gawa kazi kwa watu watatu: anayejenga, anayenunua, na anayehesabu. Kosa kubwa kuliko yote ni kumpa kaka au shangazi mmoja kazi zote tatu kwa kuwa ni damu yako. Hata akiwa mwaminifu, hana wa kumkumbusha kwamba mifuko imepungua, na siku hesabu zikigoma mnapoteza pesa na undugu pamoja. Ndugu mpe kazi ya kuhesabu, na umlipe wazi nauli na muda wake. Vifaa lipia moja kwa moja dukani kwa benki au lipa namba, na udai risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi). Namba ya uhakiki iliyo kwenye risiti unaweza kuiangalia mwenyewe kwenye tovuti ya TRA (mamlaka ya mapato), popote ulipo. Mhandisi wa kujitegemea mlipe kwa ziara, si kwa mwezi. Ziara tano zinatosha nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa: mtaro wa msingi, nondo za msingi, kabla ya jamvi, kabla ya lenta (mkanda wa zege juu ya madirisha na milango), na kenchi (fremu za mbao za paa) kabla ya bati.

Picha zenye ushahidi

Chagua sehemu nne za kusimama, moja kila kona ya kiwanja, zipigwe vigingi na kupewa namba. Kila Jumamosi picha zipigwe kutoka hapo hapo. Ukizipanga kwa wiki utaona kazi ilipokwama bila kuuliza mtu. Picha za karibu ziwe na futi (tepu ya kupimia) iliyofunguliwa, namba zikisomeka. Picha ya nondo bila futi haikuambii chochote.

WhatsApp hubana picha na kufuta taarifa za mahali na saa ilipopigwa. Mwambie mpigaji awashe lokesheni kwenye kamera, kisha atume kama dokumenti. Pia mpe neno jipya kila wiki aandike kwa chaki kwenye ukuta unaopigwa picha. Ukiletewa picha ya jengo la mtu mwingine au ya mwezi uliopita, neno halitakuwepo. Picha za bure za setilaiti zisikushawishi: za Sentinel-2 nukta moja ni mita 10, kwa hiyo nyumba nzima inakuwa doa.

Simu ya video ianzie barabarani, ipite kwenye alama unayoijua, iingie saiti bila kukatwa. Aliyeko Muscat yuko saa moja mbele tu ya Tanzania. Aliyeko New York apange saa 11 jioni ya Tanzania, ambayo kwake ni saa 3 asubuhi majira ya baridi na saa 4 majira ya joto. Siku ya kumwaga zege ipangwe siku ambayo uko macho na hauko kazini.

Msingi

Tuchukue nyumba ya mita 12 kwa 9. Kamba zikishafungwa, futi ivutwe kona kwa kona. Mishazari yote miwili lazima isome mita 15. Ikisoma 15.00 na 15.12, nyumba imepinda, na utakuja kuligundua hilo kwenye vigae, vipande vikikatwa kama kabari ukutani. Kurekebisha leo ni kusogeza kigingi tu.

Kina cha mtaro kipimwe sehemu nne kwa futi iliyosimama, chini kabisa, na kilingane na mchoro. Udongo uliolegea au maji yaliyotuama yatolewe kabla ya zege. Nondo zisilale juu ya udongo: ziwekewe vijiwe vya zege chini, vile mafundi wanavyoviita biskuti. Zikikosa, nondo inakutana na unyevu, inashika kutu, inavimba na kupasua zege.

Nondo zenyewe zipimwe kwa mizani. Ya mm 12 yenye urefu wa mita 12 ina takriban kilo 10.7, ya mm 10 kilo 7.4, ya mm 16 kilo 19. Wapime kumi kwa pamoja: za mm 12 zikaribie kilo 107. Kipande cha kilo 9 ni nondo ya mm 11 uliyouziwa kwa bei ya 12, na kwa macho huwezi kuitofautisha.

Jamvi na zege

Hapa saruji huibwa kwa urahisi, kwa sababu zege likishakauka linafanana. Kabla ya jamvi, ona kwa mpangilio: kifusi kimeshindiliwa kwa matabaka, dawa ya mchwa imepulizwa, nailoni imetandazwa bila matundu na kupandishwa ukutani.

Mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) kwa ndoo za lita 20 ni hivi: mfuko mmoja wa kilo 50 ni kama lita 35, kwa hiyo mchanga ndoo tatu na nusu, kokoto ndoo saba, maji yasizidi lita 27. Kila mita ya ujazo inakula takriban mifuko sita na nusu. Jamvi la nyumba yetu, lenye unene wa sentimita 10 na eneo la mita za mraba 100 ndani ya kuta, ni mita za ujazo 10, yaani mifuko 65 hivi. Fundi akiomba 100, uliza 35 inakwenda wapi. Akitumia 40, uliza zaidi, kwa sababu hapo nyumba yenyewe imepunjwa. Mhesabuji akusanye mifuko mitupu baada ya kazi, aipange kumi kumi na kuipiga picha, kisha aichane isirudi kuhesabiwa tena.

Maji mengi ndiyo ugonjwa wa pili. Vibarua hupenda zege jepesi linalotiririka, lakini maji ya ziada yakikauka yanaacha matundu, na zege linakuwa dhaifu. Baada ya kumwaga, limwagiliwe maji siku 7 mfululizo, asubuhi na jioni, au lifunikwe magunia yaliyolowa. Omba video fupi kila siku kati ya hizo saba.

Mchanga nao ujaribiwe. Tia mchanga kimo cha sentimita 10 kwenye chupa ya maji, ongeza maji, tikisa, acha saa tatu. Tabaka la udongo litakalokaa juu likizidi milimita 8, rudisha lori. Kwa wa pwani: mchanga wa baharini usiguse zege lenye nondo, chumvi inaila.

Kuta na lenta

Tofali la inchi 6 lina urefu wa sentimita 45 na kimo cha 23. Ukiongeza udongo wa kujengea (saruji na mchanga kati ya matofali), kozi moja, yaani mstari mmoja wa matofali, kuzunguka nyumba yetu (mita 42) inakula kama matofali 90. Hesabu kozi kwenye picha, zidisha, toa madirisha na milango, na utajua kwa simu yako kama matofali yaliyonunuliwa yamepanda ukutani. Yakifyatuliwa saitini, mfuko mmoja utoe 25 hadi 30. Ukisikia 45, yakwaruzwe kwa msumari: lenye afya halimeng'enyuki.

Kwenye lenta, chukulia kuta zote za nje na ndani zina jumla ya mita 70. Nondo nne za mm 12, zikipishana sentimita 60 kwenye kila kiungo na kukunjwa kwenye kona, zinahitaji vipande 28. Ringi (vipete vya nondo nyembamba vinavyofunga hizo nne pamoja) kila sentimita 20 ni 350, na kama kila moja inatumia sentimita 60, ni vipande 18 vya mm 8. Omba video ya futi iliyolazwa juu ya ringi kumi mfululizo, na picha ya kila kona. Mafundi wenye haraka hukatisha nondo kwenye kona badala ya kuikunja na kuifunga na ya upande wa pili, na nyufa zinaweza kuanzia hapo. Mbao za chini ya lenta zisitolewe kabla ya siku 14.

Paa na vya ndani ya ukuta

Lenga kupaua kabla ya masika ya Machi. Geji ya bati ikiwa namba ndogo, bati ni nene: 28 ni nene kuliko 30. Piga picha maandishi ya kiwandani kwenye bati lenyewe, si kwenye risiti. Mbao ziwe zimekauka na kutiwa dawa hadi ndani, kwa hiyo zikatwe moja na mkato uonekane.

Kabla ya plasta, kila ukuta wenye bomba au waya upigwe picha na futi mbili, moja kutoka sakafuni na moja kutoka kona, na picha zihifadhiwe kwa jina la chumba. Mabomba yajazwe maji na kuachwa usiku kucha kabla ya kufukiwa.

Kwenye mkataba wa fundi, asilimia 10 ya malipo ibaki mkononi mwako hadi mvua kubwa ya kwanza baada ya kukabidhiwa. Siku hiyo mhesabuji aingie kila chumba na tochi, aelekeze simu kwenye dari na pembe za madirisha, ndipo uidhinishe malipo hayo.