Kubeba Mizigo kwa Mikono: Kagua Kazi Kabla ya Kufundisha Watu

Kosa linalofanywa katika sehemu nyingi za kazi ni kuwaita wafanyakazi kwenye mafunzo ya kuinua mizigo kabla ya kujiuliza kama mzigo wenyewe ulipaswa kuinuliwa na mtu. Anza na tathmini ya hatari. Simama pembeni umtazame mfanyakazi tangu anapoushika mzigo hadi anapoutua, kisha umuulize, maana yeye ndiye anayejua ni katoni ipi huteleza mkononi na ni kona ipi humlazimu kujipinda.

Chunguza kazi, anayeifanya, mzigo na mazingira. Wengi hukimbilia uzito, ingawa mara nyingi tatizo ni umbali. Fomula ya kuinua mizigo ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, iliyorekebishwa mwaka 1991, huanza na kiwango cha juu cha kilo 23 katika hali bora kabisa, mikono ikiwa sentimita 25 mbele ya vifundo vya miguu. Mikono hiyo ikisogezwa hadi sentimita 50, labda kwa sababu tu kuna boksi lililoachwa miguuni, kiwango hushuka hadi kilo 11.5 bila mzigo kuongezeka hata gramu moja.

Kwa hiyo ondoa kwanza kinachoweza kuondolewa: leta toroli, hamishia vitu vizito kwenye rafu zilizo usawa wa kiuno, fungua njia, kausha sakafu. Kugawa mzigo mkubwa husaidia pia, lakini hesabu safari zitakazoongezeka.

Kinachobaki ndicho cha kufundishia, na kifundishwe palepale kazini kwa mizigo ileile, si kwa maboksi matupu ukumbini. Mfanyakazi atanue miguu, mmoja ukitangulia kidogo, akunje magoti na nyonga bila kuchuchumaa kabisa, aujaribu mzigo kwa kuusukuma kidogo, kisha aunyanyue taratibu ukiwa umegusana na mwili. Anapotaka kugeuka, ageuze miguu, si kiuno. Mkifika hapo, mpe kila mtu nafasi ya kurudia huku ukimsahihisha, kwa sababu mwili haujifunzi kwa kutazama picha ukutani.

Mizigo ya watu wawili ina somo lake. Mwongozo wa mamlaka ya afya na usalama kazini ya Uingereza hukadiria kuwa wawili wakibeba pamoja, uwezo wao ni kama theluthi mbili ya jumla ya uwezo wa kila mmoja, hivyo msiwapangie mzigo maradufu. Amri ya kuinua na ya kutua itolewe na mmoja tu, waliyekubaliana naye kabla ya kugusa mzigo.

Rudia tathmini kila mashine, bidhaa au mpangilio wa ghala unapobadilika, na vilevile mfanyakazi anapolalamika kuwa kiuno kinamkaza jioni, hata kama hajakosa kazi siku moja.