SOMO: Kutembelea nyumbani kwa Mwalimu Nyerere, Butiama, ukitokea Mwanza (soma lote kabla ya kuuliza)

Habari za wakati huu wadau.

Kila shule zinapokaribia kufunga, na kila Oktoba inapobisha hodi, napata ujumbe ule ule: kwa Mwalimu tunafikaje, tunaruhusiwa kuingia, kuna mtu wa kututembeza? Nimejibu mmoja mmoja kwa muda mrefu. Leo naweka yote hapa, na atakayenifuata pembeni nitamrudisha kwenye uzi huu.

Kwanza niseme linaloniuma. Watu wengi hufika Butiama, wanapiga picha kaburini, wanageuza gari, kisha wanarudi mjini kutangaza kwamba kule hamna kitu. Kitu kipo. Ila pale pana nyumba za kawaida, mawe, miti na makaburi, na ukikosa mtu wa kukueleza nani alikaa wapi na kwa nini, utapita mbele ya historia ya nchi yako huku unatafuta soda baridi. Somo hili lote lina lengo moja: umpate mwongozaji, na umpate kwa utaratibu.

HATUA YA 1: Chagua siku.
Siku za kazi ndizo tulivu. Tarehe 14 Oktoba ni kumbukumbu ya kifo chake (alifariki London mwaka 1999), ni mapumziko kitaifa, na wageni huwa wengi. Kama unakwenda kusali pamoja na wenzako, hiyo ndiyo siku yako. Kama unataka kutembezwa na kuuliza maswali, chagua nyingine.

HATUA YA 2: Piga simu makumbusho kabla hujakusanya michango.
Makumbusho ya Mwalimu Julius K. Nyerere yapo chini ya Makumbusho ya Taifa. Waambie mko wangapi, umri wenu, na kwamba mnataka kufika hadi Mwitongo, yaani kwenye makazi ya familia na makaburi. Uliza kiingilio na namna ya kulipa. Mtanzania mtu mzima, mwanafunzi na mgeni wa nje hawalipi sawa, kwa hiyo beba kitambulisho. Bei siiandiki hapa kwa sababu hubadilika.

HATUA YA 3: Usafiri.
Mkiwa kundi, kodini Coaster au Noah. Ukiwa peke yako, panda basi la Musoma, Tarime au Sirari pale stendi ya Nyamhongolo, mwambie konda akushushe Makutano ya Butiama, kisha malizia kwa gari dogo au boda. Ondoka saa 12 asubuhi, sio saa 2.

HATUA YA 4: Njiani.
Igoma, Kisesa, Magu, Lamadi, Bunda, Makutano. Lami. Kaa upande wa kushoto uione Ghuba ya Speke, na mkishapita Lamadi hamishia macho kulia, maana hapo mnapakana na Serengeti. Dereva apunguze mwendo.

HATUA YA 5: ANZIA MAKUMBUSHO. USIENDE MWITONGO MOJA KWA MOJA.
Hapa soma taratibu, kwa sababu hapa ndipo safari huharibika.

Mwitongo ni mji wa familia. Watu wanaishi pale, wanapika pale, wana wageni wao, wana misiba yao. Msimu mmoja tulikuwa na dereva aliyesisitiza kwamba anaijua njia, akatupeleka mpaka kwenye makazi bila kupitia makumbusho. Tukapokewa kwa heshima kabisa, tukaulizwa tumefika kwa mpango wa nani. Hatukuwa na jibu. Siku hiyo familia ilikuwa na shughuli yake. Tukakaa chini ya mti na watoto wenye njaa, tukarudishwa makumbusho kuanza upya, na muda wa kuangalia ndani kwa utulivu ukawa umekwisha. Mtoto mmoja alikuwa ameandika maswali yake kwenye daftari, kurasa mbili, kwa kalamu ya bluu na nyekundu kama madokezo ya darasani. Alirudi nayo yakiwa vile vile.

Kwa hiyo: mkifika, shukeni makumbusho, jiandikisheni, lipeni, mpewe mwongozaji. Yeye ndiye atakayewavusha hadi Mwitongo, na yeye ndiye anayejua siku hiyo wapi panaingilika na wapi hapaingiliki. Msikubali kijana wa njiani anayesema "nitawaingiza kwa bei rahisi". Msimtume mtu kugonga mlango wa mtu. Na mkielezwa kwamba leo sehemu fulani imefungwa, pokeeni kama mngependa mgeni wenu apokee.

Faida nyingine ya kuanzia makumbusho: mkifika kwenye nyumba tayari mna picha kichwani. Mtakuwa mmeshaona habari za Wazanaki, kabila lake Mwalimu, vitu alivyotumia Mwalimu mwenyewe, na zawadi alizopewa na watu wa ndani na nje. Wape watoto muda hapo. Wasikimbizwe.

HATUA YA 6: Mwitongo, na nini cha kuangalia.
Makaburi. Mwalimu alizikwa hapa tarehe 23 Oktoba 1999, jirani na wazazi wake, Chifu Burito Nyerere, aliyefariki 1942, na Mama Christina Mgaya wa Nyang'ombe. Mwombeni mwongozaji awasimulie habari za mama huyu. Burito alikuwa na wake 22, na Mgaya alikuwa wa tano. Mwalimu, Kambarage kwa jina la nyumbani, amezaliwa Aprili 1922 kwenye boma kubwa namna hiyo, na hakupelekwa shule hadi alipofikisha miaka 12, mwaka 1934, alipokwenda Mwisenge kule Musoma. Ukiwa umesimama palepale ndipo unapoelewa umbali alioutembea, maana kutoka hapo mpaka Musoma hata gari linachukua muda wake.

Nyumba. Mtaonyeshwa zaidi ya moja, na wengi hukimbilia kubwa. Kubwa alijengewa na Jeshi, na hakuwahi kuikaa kwa muda wa maana kabla ya kuugua. Mimi huwaambia watu wasimame zaidi mbele ya ile ya zamani. Huyu ni mtu aliyeongoza nchi hadi 1985 na chama hadi 1990, kisha akarudi kulima hapa hapa. Kumbukeni Azimio la Arusha la 1967 lilimzuia kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, au mishahara miwili, au hisa kwenye kampuni. Halafu tazameni paa, madirisha na ukubwa wa uwanja. Mwongozaji mzuri hatawahubirieni hapo, atawaacha muangalie. Kuingia ndani ni ruhusa ya siku hiyo, sio haki ya kiingilio.

Mawe na miti. Ulizeni kuhusu msitu wa Muhunda, ambao wazee wa Butiama wanauheshimu kwa imani yao ya asili. Msiingie wenyewe. Na ulizeni habari za bao. Mwalimu alikuwa mchezaji wa bao haswa, na simulizi ya kwamba akili yake kwenye bao ndiyo iliyomfanya Chifu Ihunyo wa Busegwe amshauri Burito ampeleke shule, msikilizeni mwongozaji akiitoa yeye mwenyewe. Mimi nikiisimulia hapa naiharibu.

HATUA YA 7: Mavazi na picha.
Vaa kwa heshima, unakwenda kwenye makaburi. Picha uliza kwanza. Watu wa familia usiwapige picha.

HATUA YA 8: Sainini kitabu cha wageni, mshukuruni mwongozaji, ondokeni mapema. Giza lisiwakute kati ya Bunda na Lamadi.

Karibuni kwa maswali.

---

Mdau wa Nyakato: Mkuu asante. Kiingilio ni shilingi ngapi?

Jibu: Hatua ya 2.

Mdau wa Nyakato: Nimesoma lakini wewe si umeshaenda? Taja tu ulilolipa.

Jibu: Nikitaja, kuna mwalimu mahali atakusanya michango kwa bei yangu, atafika pale na watoto arobaini fedha ikiwa pungufu. Piga simu, ndugu yangu. Ni dakika mbili.

Binti wa Pasiansi: Shikamoo. Naomba kuuliza, bibi yangu ana miaka zaidi ya 70 na anatembea kwa fimbo. Anatamani sana kufika kaburini. Ataweza?

Jibu: Marahaba mwanangu. Ataweza, ila mwambieni mtu wa makumbusho mapema ili gari lisogezwe karibu inavyoruhusiwa. Mwitongo ni mahali pa mawe, kwa hiyo avae viatu bapa vyenye kushika chini. Safari ni karibu saa nne hadi huko, kwa hiyo msimamishe Magu na Bunda anyooshe miguu. Bora zaidi mlale Musoma usiku mmoja, muende Butiama asubuhi akiwa na nguvu. Na mkifika kaburini mpeni muda wake. Niliwahi kukaa karibu na mzee mmoja aliyevua kofia akasimama kimya muda mrefu sana, wajukuu wakimvuta mkono waondoke. Mama mmoja wa kundi lile akawachukua wale watoto pembeni, akawagawia karanga, mzee akabaki. Mtu wa namna hiyo awepo kwenye kundi lenu.

Kijana wa Mabatini: Nina droni. Nataka kupiga video kali ya juu ya Mwitongo niweke kwenye chaneli yangu. Kuna shida?

Jibu: Ndiyo, kuna shida. Droni kwa nchi hii inahitaji vibali, na hata ukiwa navyo bado unaruka juu ya nyumba ya watu na makaburi yao. Achana nayo.

Kijana wa Mabatini: Mbona mnakuwa wakali, sisi tunatangaza utalii bure.

Jibu: Sio ukali. Jiulize kama ungependa droni ya mtu ikatize juu ya kaburi la baba yako. Ukitaka kutangaza, omba makumbusho ruhusa ya kupiga ndani, mhoji mwongozaji kwa utulivu. Video hiyo mimi mwenyewe nitaisambaza.

Mjomba wa Kirumba: Je tukifika tutaonana na Mama Maria?

Jibu: Hapana, msipange hivyo. Mama ni mzazi wetu, sio sehemu ya maonyesho.

Mwalimu wa Igoma: Mimi nafundisha darasa la sita. Nisichotaka ni watoto warudi na picha tu. Unawaandaaje?

Jibu: Swali zuri sana, mwalimu. Wiki moja kabla, wagawe vikundi vitatu. Kundi la kwanza lishike utoto wake: Butiama, Mwisenge 1934, kisha Tabora. Kundi la pili lishike ualimu na masomo: Makerere, Edinburgh alikosoma kuanzia 1949 hadi 1952, ubatizo wake Nyegina mwaka 1943 ambako ndiko alikopata jina la Julius. Kundi la tatu lishike miaka yake baada ya kung'atuka. Kila kundi liandike maswali matano ambayo jibu lake haliko kwenye kitabu cha darasani. Mkabidhi mwongozaji maswali hayo kabla hamjaanza kutembea, sio mwishoni. Utaona anavyobadilika! Watu hawa huulizwa "choo kiko wapi" siku nzima. Mtoto akimuuliza kwa nini chifu alikuwa na wake 22 na Mwalimu akaoa mmoja, mwongozaji atakaa chini kabisa amsimulie.

Kama njia inaruhusu, rudini kupitia Musoma muione shule ya Mwisenge. Ombeni ruhusa kwa mwalimu mkuu, ile bado ni shule yenye watoto darasani.

Mwalimu wa Igoma: Nimeelewa, ubarikiwe. Vipi Bujora, yale makumbusho ya Wasukuma, tuiunganishe siku hiyo hiyo kwa kuwa ipo njiani pale Kisesa?

Jibu: Usiunganishe. Najua inavutia kwa sababu mnapita jirani nayo, lakini Bujora inataka nusu siku yake. Kuna ngoma za machifu, kuna jengo lenye umbo la kiti cha enzi cha Kisukuma, kuna habari za Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wacheza ngoma, kushindana kwa ngoma, na kazi yote aliyoianzisha Padre David Clement, yule Mkanada. Ukiwapitisha watoto asubuhi dakika ishirini, mtaikosa Bujora na mtachelewa Butiama. Iweke Jumamosi nyingine, iko kilomita kama 20 tu kutoka mjini. Ukipata nafasi mwezi Juni, ulizia Bulabo, ile sherehe ya ngoma za Wasukuma.

Mpita Njia wa Sengerema: Sisi wa huku upande wa pili tuna Chato. Utaratibu ni huo huo?

Jibu: Wazo ni lile lile: ni nyumbani kwa watu, na Rais Magufuli alizikwa pale Machi 2021 kwenye makaburi ya familia. Ulizia kwanza kwa uongozi wa eneo. Na kwa sisi tunaotokea Mwanza, afadhali sasa daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, zile saa za kusubiri kivuko hatuzihesabu tena.

Dada wa Buswelu: Samahani, mimi naulizia chakula tu. Tubebe au tutapata?

Jibu: Kwa kundi kubwa bebeni, au mpigie mama lishe oda mapema kupitia mtu wa makumbusho. Kundi dogo mle Bunda wakati wa kurudi. Ukitaka sato, subiri Lamadi, lakini mchague akiwa bado mbichi, akaangwe ukiwa umesimama hapo.

Mdau wa Nyakato: Nimepiga simu. Wamenipokea vizuri, bei nimepewa. Wameniuliza mko wangapi na kama tuna wazee.

Jibu: Safi sana mkuu. Waambie na saa mtakayoondoka Mwanza, ili mwongozaji asikae anawasubiri toka saa 3.