SOMO: Jinsi ya kutambua aina ya mutesheni, yaani badiliko la herufi za DNA (soma yote kabla ya kuuliza)

Wakuu, swali la "hii ni mutesheni gani?" linarudi kila wiki, na karibu kila anayekosea hukosea palepale. Mfano wetu ni mwanzo wa jeni ya HBB, ya beta-globini ya damu:

ATG GTG CAT CTG ACT CCT GAG GAG AAG TCT

1. Tumia uzi wa DNA unaosomeka kama mRNA (nakala ya jeni inayotengenezewa protini), 5' kwenda 3', ndio mwelekeo wa kusoma.
2. Tafuta ATG, mahali usomaji unapoanzia, kata tatu tatu. Kila tatu ni kodoni moja, yaani amino asidi moja ya protini.
3. Panga mfuatano wa mgonjwa chini ya ule wa kawaida.
4. Hesabu herufi za mifuatano yote miwili kabla ya kutafsiri chochote. Hapa ndipo kazi inapoharibika. Ikidondoka A ya GAG ya kwanza, unasoma CCT GGG AGA AGT CT. Ukilinganisha kodoni kwa kodoni, utaapa kwamba herufi kadhaa zimebadilishwa. Imepotea moja tu, zilizofuata zimesogea. Dalili yake: hadi CCT yote yanalingana, kisha vurugu mpaka mwisho. Tahadhari: zikidondoka tatu kamili, usomaji hausogei. Kwenye sistiki fibrosisi (ugonjwa wa kurithi unaoathiri mapafu), mutesheni iliyoenea zaidi hupoteza herufi tatu, na protini inakosa amino asidi moja tu, fenilalanini ya 508.
5. Urefu ukiwa sawa, tafsiri kodoni kuwa amino asidi. GAG kuwa GAA: bado glutamati, mutesheni kimya. Kuwa GTG: valini, selimundu. Kuwa TAG: protini inakatikia hapo.

Kwenye ukarabati wa DNA, anza na jeraha, usikariri majina. Herufi ikinakiliwa vibaya, kipande cha uzi mpya hukatwa na kuandikwa upya. Sitosini (C) ikigeuka yurasili (U, herufi ya RNA), kimeng'enya hung'oa herufi hiyo peke yake. Timini (T) mbili zikigandishwa na jua, hukatwa kipande cha herufi kama 30. Nyuzi zote mbili zikikatika, seli huunga ncha kwa ncha, mara nyingi kwa kupoteza herufi, au hunakili kwa kromatidi pacha (nakala ya pili ya kromosomu ileile) kama DNA imeshajinakili.

binti_bio: Mkuu, selimundu ni kodoni ya 6 au ya 7?

Mwandishi: Zote sahihi. Methionini ya mwanzo huondolewa, kwa hiyo kwenye protini iliyokamilika ni ya 6. Kutoka ATG ni ya 7. Taja umeanzia wapi.

kidato6: Nimepewa mifuatano miwili, wa kawaida na wa mgonjwa, niseme ni mutesheni gani. Nipeni jibu, nakusanya saa nane.

Mwandishi: Hatua ya 4. Mfuatano wako wa pili una herufi 29.

mama_maabara: Mafundi wote hao wa kukarabati DNA, mbona hawarekebishi selimundu?

Mwandishi: Swali zuri sana. Fundi hugundua kosa kwa sababu jozi haikai sawa (A hukaa na T, G na C), T ikitazamana na T, kwa mfano. DNA ikinakiliwa kabla hajafika, T ile inapata A yake. Jozi ni halali, hakuna cha kushtua. Lilikuwa jeraha, sasa ni maandishi, na mtoto huyarithi hivyohivyo.

pwani_sc: Basi watu wenye ualbino wana hitilafu ya ukarabati?

Mwandishi: Hapana. Ukarabati wao ni mzima. Kilichopungua ni melanini, rangi inayokinga ngozi, hivyo jua linajeruhi seli nyingi kuliko mafundi wanavyowahi. Kofia pana na mikono mirefu tangu utotoni. Ukarabati wenyewe ukiharibika ndiyo xeroderma pigmentosum, ugonjwa mwingine wa kurithi.

fundi_jozi: Hatua ya 3 tumieni daftari la visanduku, herufi moja kila kisanduku. Kwenye simu herufi hazikai mstari mmoja.

Mwandishi: Kweli kabisa. Na penseli, si kalamu.