Kabla hujaiachia skripti rekodi zako za DNS

DNS ndiyo hugeuza majina ya mtandaoni kuwa anwani za IP. Kuandika rekodi ya A, inayofunga jina na anwani, pale seva pepe inapowashwa ni kazi ya mistari michache. Kinachosumbua ni kuifuta. Kwa hiyo amua kwanza: seva ikiondolewa moja kwa moja, nani anaondoa jina lake? Kwenye Route 53, huduma ya DNS ya Amazon, ombi la kufuta hukubaliwa tu likitaja jina, aina, TTL (muda jibu linaoruhusiwa kuhifadhiwa kabla ya kuulizwa upya) na thamani zile zile zilizomo. Mwenzako akibadilisha TTL kwa mkono jana, skripti leo inakwama. Jina likibaki, ile anwani ya IP hurudi kwa mtoa huduma, akapewa mteja mwingine, na jina lako linaendelea kumpelekea wageni. Anaweza hata kuliombea cheti cha TLS, kinachothibitisha kuwa tovuti ni ya jina hilo, na akapata.

Halafu tenga kikoa kidogo cha seva hizi, na ufunguo wa skripti uishie humo humo. UPSERT, amri ya Route 53 ya kuunda au kubadilisha rekodi, haiulizi, inaandika juu ya ilichokikuta, hata kama ni rekodi ya mtambo wa barua pepe wa ofisi. Mimi huongeza rekodi ya TXT, yaani ya maandishi tu, pembeni inayosema jina hili ni la skripti gani, kama inavyofanya ExternalDNS, zana ya kuandika DNS kwa ajili ya Kubernetes (mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi).

Angalia na SOA, rekodi yenye mipangilio ya kikoa kizima. Siku moja niliwasha seva mpya nikakimbilia kuiping kwa jina kabla rekodi haijaingia. Nikajibiwa jina halipo. Rekodi iliingia muda mfupi baadaye, lakini laptopu yangu iling'ang'ania "halipo" robo saa nzima! Kumbe hata jibu la "halipo" hukaa kwenye kache, na kwa SOA ya kawaida ya Route 53 ni sekunde 900. Siku hizi skripti yangu husubiri hali ya badiliko kwenye Route 53 isome INSYNC, yaani limeshafika kwenye seva zake zote za DNS, ndipo iulize chochote.

Ukiwasha seva 40 kwa mpigo, kusanya mabadiliko kwenye ombi moja, maana kikomo cha Route 53 ni maombi 5 kwa sekunde kwa akaunti nzima. Kumbuka pia kwamba anwani ya umma ya EC2 (seva pepe za Amazon) hubadilika seva ikizimwa na kuwashwa tena, isipokuwa umeipa Elastic IP, yaani anwani isiyobadilika. PTR, rekodi ya kutoka anwani kwenda jina, iache kama seva haitumi barua pepe.

Kabla ya kuiachia kazi, futa seva moja ya majaribio, ngoja TTL iishe, kisha uliza DNS jina lake kwa amri ya dig. Likijibu na anwani, bado hujawa tayari.