Pima Moto Kabla ya Kulipa: Kuni, Magunzi na Mabaki ya Michikichi

Anayechemsha chikichi kwa mapipa huku Kigoma anajua ni nini kinachokula faida ya mawese. Leo pipa limechemka kabla ya adhuhuri. Kesho, kuni za muuzaji yuleyule, jua linaelekea Kongo na pipa bado linasinzia. Tunalaumu mti: "Huu si mti wa mtundu, tumeletewa mwembe." Lakini pasua gogo lile uone, mara nyingi mwizi wa moto ni maji yaliyomo ndani yake.

Vipimo vifuatavyo vinawafaa wakamuaji, wapika sabuni, mama lishe na yeyote anayenunua kuni kwa fedha zake. Havihitaji maabara. Tafuta mizani ya jikoni inayosoma gramu, shoka, kikaango, karai, sufuria moja, kipimajoto cha maji, kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko cha bati, na saa ya simu.

Hatua ya 1: Chukua sampuli ya kweli

Usiokote kipande cha juu ya fungu, kwa kuwa hicho kimepigwa jua na muuzaji anajua utakitazama. Vuta magogo matatu au manne kutoka katikati na chini. Kata kila gogo katikati ya urefu wake, kwani ncha hukauka mapema, kisha chukua vijiti kuanzia ganda hadi moyo. Kwa magunzi, nyuzi za chikichi au pumba za mpunga, ingiza mkono ndani ya gunia. Funga sampuli kwenye mfuko wa plastiki hadi ufike kwenye mizani, isije ikakauka njiani.

Hatua ya 2: Pima unyevu

Ukiwa na nafasi ya kipimo kimoja tu, fanya hiki.

Pasua sampuli iwe vijiti vyembamba kama penseli. Pima gramu 200. Vitandaze kwenye kikaango juu ya makaa hafifu, uvigeuze. Joto linalotakiwa ni nyuzi 105 hivi, yaani maji yatoke na mti wenyewe usiungue. Kila baada ya robo saa pima tena, hadi uzito ugome kushuka. Vijiti vikibadilika rangi au ukasikia harufu ya kuungua, vitupe uanze upya, maana kinachopotea hapo ni gesi ya mti na hesabu imeshaharibika.

Tuseme gramu 200 zimebaki 148. Maji yalikuwa gramu 52. Gawanya 52 kwa 200, unapata asilimia 26. Wapo wanaogawanya kwa uzito mkavu, 52 kwa 148, wakapata asilimia 35. Mti ni uleule, kwa hiyo mtu akikutajia unyevu muulize kwanza amegawanya kwa kipi. Hapa natumia uzito mbichi.

Mti uliokatwa leo huwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Kuni zilizopasuliwa na kupangwa kivulini penye upepo kuanzia Juni hadi Septemba hushuka hadi kati ya asilimia 12 na 20. Neno muhimu hapo ni *kupasuliwa*: gogo zima lenye ganda lake hukaa msimu mzima bila kukauka moyoni.

Maji hayo yana gharama mbili: unayanunua kwa kilo, kisha unatumia moto kuyageuza mvuke kabla pipa lako halijaonja kitu. Kilo moja ya mti mkavu kabisa ina joto la megajuli 18 hadi 20 (megajuli moja ni kilojuli 1,000, vyote vipimo vya joto). Kwa unyevu wa asilimia 18, kilo moja ya kuni hubaki na kama 14.7. Kwa asilimia 45 hubaki na 9 tu.

Hapa niseme jambo ambalo wazee wa kuni watalipinga. Kilo kwa kilo, miti ikiwa mikavu, mtundu, mlama, mkaratusi na mwembe hazipishani sana kwa joto. Zinapishana kwa uzito wa kila kipande. Mlama ni mzito, kwa hiyo gogo la ukubwa uleule lina kilo nyingi, linashika makaa na kukaa muda mrefu. Ukinunua kwa fungu, aina ya mti ni jambo kubwa. Ukinunua kwa kilo, uliza maji kwanza.

Hatua ya 3: Jaribio la kopo

Hiki ndicho kipimo ninachokipenda, na watoto watakusanyika kukitazama, basi waweke mbali.

Toboa tundu moja kwenye kifuniko cha kopo, upana wa msumari wa inchi nne. Usisahau tundu: kopo lililozibwa kabisa hupasuka. Weka gramu 200 za sampuli uliyoikausha, funga, liweke kopo katikati ya moto, nje ya nyumba.

Moshi mweupe ukitoka mwingi mwanzoni, bado kuna maji. Baadaye unageuka wa manjano na mzito. Hapo sogeza kijinga cha moto kwenye tundu, nao moshi utawaka. Unachokiona ni gesi ya mti. Acha mpaka mwali uzime wenyewe, ziba tundu kwa udongo, subiri kopo lipoe kabisa, ndipo ufungue. Makaa yakikutana na hewa yangali moto yatawaka na kipimo kitapotea.

Kilichobaki ni mkaa, kwa kawaida robo hivi ya uzito ulioweka. Robo tatu nyingine imetoka kama gesi, na gesi hiyo ina sehemu kubwa ya joto la kuni. Mafiga matatu yenye sufuria iliyokandamiza moto huirusha juu ikiwa moshi mweusi. Jiko lenye nafasi ya mwali kupanda na hewa kuingia juu ya kuni huichoma, ukaiona faida chini ya sufuria. Kwa hiyo fuel (yaani kitu unachochoma) inayotoa mwali mrefu kwenye kopo, kama magunzi au nyuzi, inataka hewa nyingi na chumba kirefu. Vifuu vya kokwa, yale maganda magumu yanayobaki mise (kiini cha ndani ya kokwa) ikishatolewa, huacha mkaa mwingi kuliko nyuzi, na ndiyo sababu hufaa kushikilia moto.

Hatua ya 4: Jivu

Choma gramu 500 za sampuli kavu kwenye karai safi, taratibu, bila kupuliza. Koroga hadi weusi uishe. Pima kilichobaki.

Kuni safi huacha gramu 5 hadi 10, ganda likiwa jingi huongezeka. Pumba za mpunga, mfano zile za mashine za Ujiji zinazokoboa mpunga wa bonde la Luiche, zinaweza kufika gramu 100. Zimejaa silika, ile ya mchanga, ndiyo maana jivu lake hubaki na umbo la pumba na huziba hewa. Joto lake nalo ni dogo, megajuli 13 hadi 15. Pumba bila jiko lake maalumu ni kujitesa.

Mikungu mitupu ya chikichi ina tabia nyingine. Ikitoka kuchemshwa imelowa, maji zaidi ya nusu ya uzito. Hata ikikauka, jivu lake lina potasi nyingi, nalo huyeyuka kwenye moto mkali na kuganda kama glasi kwenye vyuma vya jiko. Mimi siichomi chini ya pipa. Jivu la potasi lina kazi nzuri zaidi kwa mpika sabuni, na mikungu yenyewe ikioza shambani ni mbolea.

Hatua ya 5: Chemsha maji

Sasa pima moto pamoja na jiko lako. Weka lita 5 za maji kwenye sufuria isiyofunikwa, andika joto la kuanzia. Choma kilo 1 ya fuel hadi iishe. Kisha pima maji yaliyobaki.

Kigoma mjini, mita 770 na ushei juu ya bahari, maji huchemka karibu nyuzi 97. Kasulu, iliyo juu zaidi, huchemka kabla ya hapo kidogo, kwa hiyo usingoje 100.

Mfano: maji yameanza nyuzi 25, yakachemka, na nusu lita ikageuka mvuke. Kupasha: lita 5 × 4.19 (kilojuli za kupasha lita moja kwa nyuzi moja) × 72 (97 toa 25), sawa na kilojuli 1,508. Mvuke: 0.5 × 2,260 (kilojuli za kugeuza lita moja kuwa mvuke), sawa na 1,130. Jumla 2,638. Kama kuni zilikuwa za unyevu wa asilimia 18, zenye kilojuli 14,700, jiko limekamata asilimia 18. Rudia siku nyingine isiyo na upepo, na usilinganishe fuel mbili kwa majiko mawili.

Hatua ya 6: Geuza kuwa bei

Gawanya bei ya kilo kwa kilojuli zilizoingia kwenye maji. Hiyo ndiyo bei halisi ya moto. Kuni za asilimia 45 zikiuzwa bei moja na za asilimia 18, umelipa mara 1.6 kwa joto lilelile, kabla hata ya kuhesabu moshi na macho yako.

Kwa mapipa, nawasha kwa nyuzi kavu, naweka kuni zilizopasuliwa, moto ukishakolea natupia vifuu kidogo kidogo. Vifuu vilivyorundikwa kwa pamoja hunyima hewa na kutoa moshi mweusi wa mafuta.

Nyuzi zenye mabaki ya mawese usizirundike mbichi ndani ya banda. Rundo kubwa lenye mafuta na unyevu hujipasha lenyewe ndani kwa ndani na linaweza kushika moto bila mtu kuligusa. Zitandaze juani kwa tabaka jembamba, zigeuze, na uzihifadhi mbali na ukuta wa nyumba.