Ombi la kijiji liingie bajeti ya Kwale: mwongozo kwa wenyeji walio Mombasa

Mwenyeji wa Kwale anayefanya kazi Mombasa hupigiwa simu na nyumbani kila mwaka kwa mambo yale yale: lambo limekauka, wana wa chekechea wanasomea chini ya mwembe, njia ya zahanati imekatwa na mvua. Fedha za kazi hizo hupangwa Kwale mjini, mji mdogo ulio kwenye vilima vya Shimba, makao makuu ya kaunti yenye wadi 20. Hupangwa kwa tarehe zilizowekwa na sheria. Vijiji vingi hukosa mradi kwa sababu ombi hufika Mei, wakati mezani hakuna kilichobaki kugawanywa.

Muombe mwenye kazi

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liligawa majukumu. Kaunti ina chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, zahanati na vituo vya afya, maji, kilimo na mifugo, masoko na barabara za kaunti. Shule za msingi na sekondari, polisi na barabara kuu ni za serikali ya kitaifa. Darasa la shule ya msingi huombwa kwenye kamati ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa serikali ya kitaifa, ya eneo bunge lenu: Matuga, Msambweni, Lunga Lunga au Kinango. Ndovu wanaotoka hifadhi ya Shimba Hills na kumaliza mahindi ni shauri la KWS, shirika la wanyamapori la kitaifa. Barabara ina utata zaidi. Muulizeni msimamizi wa wadi kama ni ya kaunti au iko chini ya KeRRA, mamlaka ya kitaifa ya barabara za vijijini, kabla hamjaandika chochote. Barua inayobeba vitu sita vya ofisi nne haina wa kuichukua, kwa hivyo kila ofisi iandikiwe barua yake.

Kalenda ndiyo mlango

Mwaka wa fedha huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Tuseme mwataka mradi ujengwe katika mwaka wa 2027/2028. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ambao ndio orodha ya miradi, lazima ufikishwe kwenye bunge la kaunti kufikia 1 Septemba 2026, miezi kumi kabla ya shilingi ya kwanza kutoka. Taarifa ya mwelekeo wa bajeti, ile inayogawa viwango kwa kila idara, hufikishwa kufikia 28 Februari 2027. Makadirio yenyewe hufika kufikia 30 Aprili 2027, na yapitishwe kabla ya Juni kuisha.

Maana yake: barua iwe mikononi mwa msimamizi wa wadi na mwakilishi wadi kufikia Julai 2026, kisha kijiji kihudhurie vikao vyote viwili vya maoni ya wananchi, cha mpango na cha makadirio. Wengi hujitokeza kile cha makadirio peke yake. Hapo mradi usiokuwa kwenye mpango huingia kwa shida, kwa sababu kuuingiza ni kuupunguzia fedha mradi mwengine uliotangulia.

Tafuteni pia Mpango Jumuishi wa Maendeleo ya kaunti wa miaka mitano, wa 2023 hadi 2027, muone kama kijiji au wadi yenu imetajwa humo. Ikiwa imetajwa, nukuuni ukurasa kwenye barua. Afisa wa mipango hana njia rahisi ya kulikataa jambo ambalo kaunti yenyewe iliahidi kwa maandishi.

Barua yenyewe

Hapa ndipo mtu wa Mombasa anafaa zaidi, kwa kuwa mara nyingi ndiye mwenye kompyuta na muda wa kuchapisha. Lakini maneno yatoke kwenye baraza la kijiji. Kikao kiitishwe, kina mama na vijana wawepo, kumbukumbu ziandikwe, na watu wachague kitu kimoja cha kwanza na kimoja cha pili. Orodha ya vitu kumi humwachia afisa kuchagua, naye atachagua kilicho rahisi kwake.

Andikeni hivi, kwa hesabu zenu wenyewe:

"Sisi wakaazi wa kijiji cha ______, wadi ya ______, tunaomba darasa moja la chekechea lenye choo cha matundu mawili na tangi la maji la lita 10,000, katika kiwanja cha robo eka kilichoko ______. Kijiji kina watoto 64 wa miaka minne na mitano. Chekechea iliyo karibu iko kilomita 5, na njia yake hukatwa na mto wakati wa masika."

Kila namba hapo ina kazi yake. Idadi ya watoto ndiyo inayolinganishwa na ya kijiji jirani. Kilomita na mto vinajibu swali la "kwa nini wasiende kule?" Choo na tangi visipotajwa, darasa linaweza kujengwa bila choo, na hapo mtarudi kuomba upya kwa miaka mingine. Hesabuni watoto nyumba kwa nyumba, msikisie, kwa sababu afisa akija akakuta nusu ya idadi, barua nzima inapoteza uzito.

Chini ya barua yaje majina, namba za vitambulisho, simu, na sahihi au alama ya kidole gumba. Ambatisheni kumbukumbu za baraza. Kiswahili chatosha kabisa. Msilipe mtu kuwafasiria.

Kwa maji, jihadharini na kuomba kisima cha kuchimbwa kwa mazoea tu. Tiwi ina maji matamu chini ya ardhi, hata Likoni yanyweshwa kutoka huko. Sehemu nyingi za Kinango maji ya chini ni ya chumvi, na kisima kilichochimbwa bila kupimwa huishia kuwa shimo lenye pampu isiyotumika. Ombeni upimaji wa maji kwanza, na muandike kwamba yakiwa ya chumvi mwataka lambo, au bomba livutwe kutoka kwenye mtandao ulioko.

Ardhi

Hili ndilo linaloua miradi iliyokwisha kutengewa fedha. Mkandarasi anafika, mwana wa marehemu anatokea na kusema babake hakutoa shamba, fedha zinarudi. Ahadi ya mdomo ya mzee haitoshi. Ikiwa shamba lina hati, anayetoa awe ndiye mwenye jina kwenye hati. Kama mwenye jina amefariki, mirathi ifanywe kwanza. Kugawa na kuhamisha kipande cha shamba la kilimo kunahitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na idhini hiyo huombwa ndani ya miezi sita tangu makubaliano. Wake na wana wakubwa wa mtoaji watie sahihi pia. Anzeni jambo hili hata kabla ya barua.

Safari ya Kwale mjini

Kutoka kisiwani, vukeni feri ya Likoni, ambayo kwa miguu haina nauli, kisha pandeni matatu ya Kwale. Hupita Ng'ombeni na Waa, na Kombani huacha barabara ya Ukunda na kupanda mlima. Mwenye gari aweza kupitia Dongo Kundu asisubiri feri. Muwe mmefika saa mbili asubuhi, na msichague Ijumaa, kwani adhuhuri watu huenda swala na siku hukatika katikati.

Bebeni nakala nne: moja ya idara husika, moja ya idara ya fedha na mipango, moja ya karani wa bunge la kaunti, na ya nne yenu. Hiyo ya nne igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe katika kila ofisi. Afisa akisema "wacha tu, nitaiweka," kwa heshima mwambieni wazee wameagiza warudishiwe yenye muhuri. Barua isiyo na muhuri haikufika.

Baada ya Julai

Someni makadirio yaliyopitishwa, safu ya wadi yenu, mtafute jina la mradi, mahali na kiasi. "Chekechea, wadi nzima" si mradi wenu; waweza kujengwa kokote, kwa hivyo mapema, wakati makadirio yangali bungeni, daini jina la kijiji liandikwe. Bajeti ya nyongeza katikati ya mwaka pia huweza kuuondoa mradi kimya kimya. Muulizeni mwakilishi wadi kila inapoletwa.

Mkinyimwa habari, andikeni ombi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Kuomba hakulipiwi, gharama ni ya kutoa nakala tu, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Ikikataa, mna siku 30 za kupeleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, mkiambatisha ile nakala yenye muhuri.