Unapopima kiuno, tazama na shingo
Yeyote ambaye kiuno chake kimepanuka, au aliyekwisha kuambiwa kuwa ana kisukari cha aina ya 2 au shinikizo la juu la damu, ni vyema akague pia shingo yake: asimame mbele ya kioo, ainue kidevu kidogo, anywe funda la maji na kutazama chini ya zoloto anapomeza, kwa kuwa tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo, hupanda na kushuka mtu anapomeza, na kinundu (uvimbe mdogo) kilichomo hupanda nayo. Hali hizo mara nyingi huendana na mwili kutoitikia ipasavyo insulini, homoni inayodhibiti sukari ya damu; hapo kongosho huitoa kwa wingi zaidi, na wingi huo unaweza kuchochea seli za tezi kuongezeka. Ukaguzi huu hauoni vinundu vidogo, hasa vya chini ya sentimita 1, wala hausaidii sana kwenye shingo nene. Aidha, wembamba si kinga, kwani umri, upungufu wa madini joto na mionzi ya utotoni huchangia pia. Vinundu vingi si saratani, kwa hiyo sishauri kukimbilia ultrasaundi bila sababu. Lakini uvimbe unaoonekana, na zaidi ukiandamana na sauti ya kukwaruza, unahitaji daktari mapema.